Klabu Ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umiliki na Fedha za Klabu za Soka Uganda

Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha mashabiki hapa Busia, upande wa Uganda. Kijiwe chetu ni kibanda cha chai jirani na foleni ya malori. Anakaa pale dereva wa kutoka Mombasa, mbadilisha fedha, kijana wa boda boda na askari aliye likizoni, na kwa kuwa kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, mabishano hufanyika kwa Kiswahili. Kila Jumatatu mada hurudi palepale: klabu zetu ni za nani, pesa zinapotelea wapi, na nani atakuja kuwekeza. Nimeshajibu mpaka koo limekauka. Safari hii nimeandika.

Kwa kifupi, klabu za Ligi Kuu ya Uganda zinamilikiwa na akina nani?

Nyingi zina taasisi ya serikali nyuma yake. KCCA FC ni ya Mamlaka ya Jiji la Kampala. URA FC ni ya Mamlaka ya Mapato, na ndiyo maana mashabiki wa timu nyingine wakifungwa nayo husema wamelipishwa kodi mara mbili. Police ni ya polisi, Maroons ni ya magereza, UPDF ni ya jeshi, na NEC ni ya shirika la biashara la jeshi hilohilo. BUL ya Jinja inatokana na kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Bidco. Herufi zake tatu ni jina la kampuni, Bidco Uganda Limited. Kisha kuna klabu za mtu mmoja, mfano mkubwa ukiwa Vipers. Halafu ndizo zile ambazo kila shabiki huapa kwamba ni zake, SC Villa na Express, na hizo zina maelezo yake hapo chini.

Kwa nini serikali imejaa kwenye mpira wetu kiasi hiki?

Kwa sababu ndiko timu zilikoanzia. KCC, jina la zamani la KCCA, ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, aliyekuwa akiongoza kitengo cha majitaka katika halmashauri ya jiji. Ilikuwa timu ya wafanyakazi: asubuhi uko kwenye mitaro, jioni uko uwanjani. Leo klabu hiyo ina mataji 13 ya ligi. Mwaka 1972 timu ya jeshi, Simba FC, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kushindwa na Hafia ya Guinea. (Ndugu zetu wa Tanzania hupinga kabla sijamaliza sentensi. Hii ni Simba ya kambini, siyo ya Msimbazi. Ndiyo hii inayoitwa UPDF siku hizi.)

Faida ya taasisi ni mshahara. Mchezaji wa magereza au wa polisi anaweza kuajiriwa, na siku goti likimsaliti bado ana sare na kazi. Katika nchi ambako wachezaji wengi humaliza soka mikono mitupu, hilo si jambo la kubeza.

Hasara yake ni kwamba timu inaishi kwa pumzi ya mwenyewe. Timu ya Uganda Commercial Bank ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1979. Benki yenyewe iliuzwa kwa Stanbic mwaka 2002. Leo hakuna benki ya jina hilo, hakuna timu, na sijawahi kukutana na mtu anayelia kwa ajili yake. Hapo ndipo penye tatizo la pili: timu ya ofisi hupata wachezaji wazuri na kombe kabatini, lakini kupata watu wa kuilia ni kazi nyingine kabisa.

Si afadhali tajiri mmoja anayeamua haraka?

Tumtazame Lawrence Mulindwa, maana kila anayeuliza swali hili anamfikiria yeye. Aliongoza FUFA, shirikisho la soka la Uganda, kuanzia 2005 hadi 2013. Timu aliyoilea ilikuwa Bunamwaya, klabu ya mtaani iliyoanza mwaka 1969. Mwaka 2012 ikaitwa Vipers. Ina uwanja wake Kitende, St. Mary's, jirani na shule ya Mulindwa, ulioanza kutumika 2017. Ina njia yake ya kupata vijana, kwa sababu shule hiyo imekuwa ikibeba makombe ya shule za sekondari kwa miaka mingi. Msimu wa 2022/23 iliitoa TP Mazembe kwa penalti na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakati timu nyingine zinasubiri kamati ya fedha ikutane, kule neno moja linatosha.

Kwa hiyo ndiyo, tajiri mmoja huweza kufanya makubwa. Ila angalia alichofanya huyu kabla ya kuwatafuta wengine wafanane naye: ameacha saruji ardhini. Matajiri wengi wa mpira wetu hukodi basi, hununua jezi, hutoa posho ya ushindi mbele ya kamera, na siku wakichoka hakuna kinachobaki isipokuwa picha. Kwangu mimi kipimo si alitoa kiasi gani. Ni hiki: akiamka kesho hataki tena, klabu itabaki na nini mkononi?

Na hata kwa Vipers swali hilo halijaisha. Uwanja upo, ni kweli. Lakini klabu, uwanja na shule vyote vinamtazama mtu mmoja, na sisi wanadamu hatujaandikiwa umri wa zege.

Na SC Villa na Express je? Hizo si za wananchi?

Kwa moyo, ndiyo. Kwa karatasi, imekuwa safari ndefu.

Villa ilianza mwaka 1975 kama Nakivubo Boys, ikapanda ligi kuu mwaka 1979, na ndani ya miaka michache ikawa Jogoo wa nchi nzima, jina lisilohitaji tafsiri hapa kijiweni. Ilicheza fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1991 dhidi ya Club Africain ya Tunisia, na mwaka uliofuata fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Shooting Stars ya Nigeria. Ilishindwa zote mbili, lakini nionyeshe klabu nyingine ya Uganda iliyofika huko mara mbili mfululizo. Halafu baada ya ubingwa wa 2004 jogoo akanyamaza kwa miaka 20. Watu hutafuta kocha wa kulaumu. Mimi nasema ukame ule ulianzia ofisini: nani ana mamlaka, nani anasaini hundi, nani ni mwanachama halali wa kupiga kura. Mambo hayo yalipowekewa utaratibu wa wanachama na uchaguzi, klabu ikampata rais, mfanyabiashara Omar Ahmed Mandela, na mwaka 2024 taji la 17 likaja.

Mpinzani wangu kijiweni husema taji lile lilikuja kwa sababu ya mfuko wa rais, siyo kwa sababu ya katiba. Huenda tuna haki wote wawili. Mfuko ulifungua mlango, lakini aliyeingia aliingia kwa kura, na atakayemfuata naye atapita hapohapo.

Express ni ya zamani zaidi, 1957. Ilizaliwa na gazeti: Jolly Joe Kiwanuka alikuwa na gazeti la Uganda Express, na timu ikachukua jina. Mwaka 1977, enzi za Idi Amin, ilipigwa marufuku. Mashabiki wake wakaibeba mioyoni hadi iliporudi. Ndiyo maana inaitwa Mukwano Gwabangi, rafiki wa wengi. Lakini urafiki wa wengi haulipi mishahara, na kwa miaka mingi imeishi kwa wenyeviti kuingiza mikono mifukoni mwao.

Kwa nini wewe mwenyewe unalishikilia sana jambo la karatasi?

Kwa sababu liliniunguza. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na timu ya ligi ya mkoa. Silitaji jina lake, na mfadhili wake simtaji pia. Watoto wake husoma na wangu. Alikuwa mfanyabiashara mkarimu. Aliponunua jezi za kwanza tulimbeba juujuu kutoka uwanjani hadi barabarani. Katibu alipotaka klabu iandikishwe rasmi, mfadhili akasema, "Msijisumbue, nitawafanyia." Nasi tukasema Mungu ambariki.

Ikaja siku tukagombana kuhusu kocha. Jambo dogo tu, kocha alimweka benchi mpwa wa mfadhili. Wiki hiyohiyo pikipiki ya magurudumu matatu ilikuja stoo ikabeba jezi, mipira, koni na hata nyavu za magoli. Tulipokwenda kulalamika, akatoa cheti. Klabu ilikuwa kampuni, na wamiliki walikuwa yeye, mke wake na kaka yake. Sisi tuliokuwa tukichanga shilingi 2,000 kila wiki hatukuwa hata kwenye tanbihi. Nilikuwa mtunza hazina wa kitu kisichokuwa changu, na daftari langu la michango lilikuwa na thamani ya karatasi ya kufungia mandazi.

Hakutuibia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisheria alichukua vyake.

Nitajuaje klabu yangu imeandikishwa kwa jina la nani?

Kampuni zote huandikishwa URSB, ofisi ya taifa ya usajili, na jalada la kampuni mtu yeyote anaweza kuomba kulipekua kwa kulipa ada. Tazama mambo mawili. Kwanza, ni kampuni ya hisa au ya dhamana? Ya hisa ina wenyewe wanaoweza kuuza sehemu yao na kugawana faida. Ya dhamana haina hisa, ina wanachama tu, na ndiyo inayofaa zaidi klabu ya jamii. Pili, wakurugenzi ni akina nani, na je wanafanana majina ya ukoo?

Marekebisho ya sheria ya kampuni ya mwaka 2022 yaliongeza sharti jingine: kampuni iandikishe mtu halisi anayenufaika nayo, si jina la mbele peke yake. Kwa mpira wetu uliozoea "mwenyekiti" asiyejulikana anamkalia nani kiti, hili ni dirisha zuri.

Ukikuta klabu haijaandikishwa popote, usishangilie kwamba basi ni ya wote. Kitu kisicho na karatasi ni cha yule mwenye funguo za stoo.

Fedha za televisheni ni nyingi. Zinakwenda wapi?

Tupige hesabu. Mwaka 2018 StarTimes ilitangaza mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya kidogo zaidi ya dola milioni 7. Neno "milioni" lilifanya watu waone majumba. Sasa gawa kwa miaka 10: dola laki saba kwa mwaka. Tuseme zote, kila senti, ziende kwa klabu 16 za Ligi Kuu sawa kwa sawa, ingawa mkataba ulihusu pia ligi ya daraja la pili, na kuendesha ligi nako kuna gharama. Kila klabu ingepata karibu dola 44,000. Kwa dola moja kwa shilingi 3,700, hiyo ni milioni 160 hivi kwa mwaka, yaani milioni 13 na ushei kwa mwezi. Wagawie wachezaji 25: kama laki tano na nusu kila mmoja. Kocha hajalipwa. Basi la kwenda Arua halijawekewa mafuta. Hoteli, maji, daktari, waamuzi, bado.

Kwa hiyo anayesema "wamekula pesa za TV" aulize kwanza zilikuwa ngapi. Sisemi hakuna mlaji. Nasema sahani yenyewe ni ndogo.

Na mlangoni?

Mashabiki 2,000 kwa kiingilio cha 5,000 ni milioni 10. Toa gharama za uwanja, ulinzi, tiketi, wasimamizi, na wale wanaoingia kwa kusema "mimi ni wa kamati". Kinachobaki hakifiki kwenye mishahara. Mechi ya Villa na Express hujaza. Mechi ya timu mbili za ofisi katikati ya wiki, alasiri, unaweza kuwahesabu watazamaji na kuwasalimu mmoja mmoja kwa majina.

Basi klabu ya Uganda inaweza kupata pesa ya kweli wapi?

Kwa wachezaji. Hapa naomba mvumilie, nitaongea kwa urefu, kwa sababu ndipo tunapoacha pesa barabarani.

Kuna kuuza kwenyewe: Farouk Miya kutoka Vipers kwenda Standard Liège ya Ubelgiji mwaka 2016, Allan Okello kutoka KCCA kwenda Paradou ya Algeria mwaka 2020. Hiyo kila mtu anaijua. Wasiyoijua wengi ni mgawo wa mshikamano wa FIFA. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15 klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kati ya 16 na 23 hupata nusu ya asilimia.

Chukua kijana aliyechezea timu ya hapa kwetu akiwa na miaka 16, 17 na 18. Baadaye, wakati sisi tumeshamsahau, klabu ya Denmark inamuuza Uingereza kwa dola milioni moja. Miaka mitatu ni asilimia moja na nusu: dola 15,000, zaidi ya shilingi milioni 55. Akiuzwa tena kabla mkataba kuisha, mnapata tena. Kuna pia fidia ya malezi, anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitishia malipo haya, ili klabu ndogo zisiwe za kuomba omba kwa barua.

Lakini chombo hicho kinatafuta kumbukumbu. Kijana alisajiliwa lini, wapi, kwa klabu gani, na je klabu hiyo ipo hai na ina akaunti ya benki kwa jina lake? Turudi sasa kwenye stoo yetu iliyobebwa na pikipiki. Vijana wawili wa timu ile walifika mbali kiasi. Klabu iliyowalea haipo.

Mfadhili akisema "mchezaji huyu ni wangu", ni kweli?

Hapana. FIFA ilipiga marufuku watu wa nje kumiliki haki za kiuchumi za wachezaji tangu Mei 2015. Usajili ni wa klabu. Mfadhili anaweza kuidai klabu mkopo wake. Hawezi kumweka kijana mfukoni kama simu. Sentensi hii ichapisheni, muibandike ukutani.

Kampuni za kamari kifuani mwa jezi: tukatae?

Kijiwe kimegawanyika. Wazee wetu wawili wa msikitini wanasema ni haramu na mjadala umekwisha. Mimi nasema zinalipa, na wachache wengine wanalipa. Wasiwasi wangu ni wa hesabu tu: serikali imekuwa ikibana biashara hiyo kwa kodi na leseni, na klabu iliyotegemea mdhamini mmoja wa aina hiyo itayumba siku akifunga duka. Bora kinyozi, duka la vifaa vya ujenzi na kituo cha mafuta, kidogo kidogo.

Kwa nini tusiige Simba ya Tanzania?

Hiyo ya Msimbazi sasa. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, na wanachama wakabaki na 51, kwa kuwa kanuni za serikali ya kule zinataka wanachama wasishuke chini ya hapo. Ni mfano mzuri wa kusoma, kwa sababu wanachama walipiga kura wakijua wanauza nini.

Ila soma na yaliyofuata. Miaka imepita watu wakibishana pesa iliwekwa lini, iko wapi, na nani anasimamia. Asilimia 51 ni ngao nzuri ikiwa wenye 51 wanahudhuria mikutano. Na Simba na Yanga wana watu wa kuuza jezi kutoka Bukoba hadi Mtwara. Klabu yetu yenye mashabiki 300 ikisema inauza asilimia 49, mnunuzi atauliza: asilimia 49 ya kitu gani?

Ujerumani nao wana kanuni yao ya 50 na moja: wanachama lazima washike kura nyingi. Waliruhusu viwanda vichache vilivyolea timu kwa miaka mingi, kama Bayer kule Leverkusen. Hiyo ningeipenda hapa. Tungewaachia URA na BUL timu zao, na klabu za jamii tukazifunga kufuli.

Mwekezaji wa kigeni je?

Alishakuja. Keisuke Honda, yule Mjapani wa AC Milan, kampuni yake ya Soltilo iliingia Bright Stars, na timu ikawa Soltilo Bright Stars. Wengi walitarajia mvua ya yeni. Mgeni wa namna hiyo mara nyingi huja kutafuta vipaji vya kukuza na kuuza, na hilo si dhambi, mradi mlijue kabla ya kuchinja mbuzi.

Akija kwenu, msimuulize ana kiasi gani, maana kila mtu ana mabilioni mdomoni. Muulizeni pesa inaingia kama hisa au kama mkopo. Mkopo utarudi kudaiwa, tena siku mmeshuka daraja. Muulizeni jina na rangi zinabaki kwa nani. Ombeni mwaka wa kwanza ulipwe benki kabla hamjasaini mkataba wa miaka mitano. Akikasirika kwa maswali haya, mpeni chai, mlipieni nauli.

Klabu inaweza kuhamishwa mji na kubadilishwa jina?

Inaweza, na imefanyika. Soana ilihamia Fort Portal ikawa Tooro United. Kirinya-Jinja SS ikawa Busoga United. Doves All Stars ya Arua ikawa Arua Hill. Wakati mwingine ni jambo jema: timu ya ofisi au ya shule inapata mji wa kuipenda. Waliobaki nyuma na skafu za jina la zamani ndio hawaulizwi.

Viwanja vipya vya AFCON 2027 vitatajirisha klabu?

Kidogo sana. Uganda, Kenya na Tanzania wataandaa pamoja, na kwetu Namboole imekarabatiwa na Hoima imejengwa uwanja mpya. Ni vya serikali. Klabu itakuwa mpangaji: italipa, icheze, iondoke. Nakivubo nao ulijengwa upya na Hamis Kiggundu na kufunguliwa 2024, unaitwa Hamz. Ni mzuri, na siku ya kwanza niliyouona nilisahau kukasirika. Lakini ndipo penye biashara ya kweli ya mpira: maduka ukutani, mabango, maegesho. Mwenye uwanja anapata pesa hata siku hakuna mechi. Klabu isiyo na uwanja hulipa pango hata siku imefungwa.

Kwa hiyo klabu ya wilaya ikipewa kuchagua kati ya mshambuliaji wa kutoka Kongo na hati ya ekari tatu, ichukue ardhi. Najua hakuna aliyewahi kuimbiwa nyimbo kwa sababu ya hati.

Mbona tunawajua wamiliki wa Arsenal kuliko wa timu zetu?

Kwa sababu vitabu vyao viko wazi. Shabiki wa Busia anaweza kukwambia Kroenke aliichukua Arsenal yote mwaka 2018, kwamba familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005 na kuitwika deni, na kwamba Ratcliffe aliingia mwaka 2024. Muulize mkurugenzi wa timu anayoiona kwa macho kila Jumamosi, atakwambia, "Yule mzee wa gari nyeupe."

Mashabiki wanaweza kununua klabu wenyewe?

Wamefanya. Mwaka 2013 Portsmouth ya Uingereza ilikuwa inazama kwenye madeni, mashabiki wakachanga wakaichukua. Miaka minne baadaye wakapiga kura kumuuzia Mmarekani, Michael Eisner. Wapo wanaoona walishindwa. Mimi naona waliuza klabu safi, kwa hiari, wakiwa wenye mali.

Sisi hatuna pauni. Tuna simu. Tulipoanza upya tulikubaliana shilingi 5,000 kwa mwezi, na tukagundua haraka kwamba kila tunapotoa pesa kwenye simu kuna ada na juu yake kodi ya nusu asilimia. Ukichanga kwa simu kisha ukatoa taslimu kununua mpira, umelipa njiani. Sasa tunalipa mafundi jezi na wenye basi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Watia saini ni watatu, na wawili kati yao hawapatani, nasi tuliwachagua kwa sababu hiyo.

Kuuliza mahesabu si kuivunjia timu heshima?

Niliambiwa hivyo na mzee mmoja ninayemheshimu sana, mbele ya watu. "Mwanangu, mtu anakulisha, unamhesabia matonge?" Nilimjibu kwa adabu kwamba, mzee wangu, mimi nahesabu ya kwetu tuliyochanga, ya kwake sijayagusa. Hakufurahi. Mwezi uliofuata alikuja na vitambulisho vya wajukuu zake wawili akataka waandikwe uanachama.

Nikitaka kujiunga nifanye nini?

Njoo kibandani Jumatatu baada ya sala ya magharibi. Leta kitambulisho cha taifa na mchango wa mwezi wa kwanza. Fomu ziko kwa mama chai. Njoo na kalamu yako, ya kikundi iliondoka na ile pikipiki.